Ile Ndefu

Songea haina ziwa. Ina vijito vya milima ya Matogoro vinavyouanzisha mto Ruvuma, na iliwahi kuwa na meli yenye jina lake, MV Songea, iliyokuwa ikifanya kazi huko mbali, Ziwa Nyasa. Pamoja na hayo, ni katika gereji moja ya Mfaranyaki, safari ya kilomita kama 170 kutoka Mbamba Bay, ndipo mwalimu mstaafu wa jiografia alipojikuta akichagua silinda hedi ya injini ya boti.

Boti yenyewe ya shemeji yake. Inabeba usipa, mihogo, na msimu wa harusi hubeba makabati. Injini yake ilizaliwa kwenye lori la Fuso, ikasafirisha mahindi miaka na miaka, kisha ikastaafu na kupelekwa ziwani, kama vile mtu anavyostaafu kazi ngumu akaenda kwenye kazi ngumu zaidi. Maana lori likimaliza mlima hupata mteremko, injini ikapumua. Boti haina mteremko. Kutoka gati hadi gati ni kama kupanda mlima usio na kilele, na upepo wa kupoza rejeta haupo. Injini inategemea maji ya ziwa yanayovutwa kwa bomba. Siku ya mkasa bomba lilivuta mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, ila huu inaelekea haukupata taarifa.

Kwenye ziwa hilo taarifa zimeanza kuchelewa zamani. Agosti 1914, pale Liuli, kaskazini kidogo ya Mbamba Bay, meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imevutwa nchi kavu ikifanyiwa matengenezo, mara Waingereza wa meli ya Gwendolen wakaanza kuipiga mizinga. Nahodha Berndt hakujua kwamba vita vimeanza. Inasimuliwa kwamba alipanda mashua ndogo akapiga makasia kwa hasira hadi kwa mwenzake Rhoades, nahodha wa Gwendolen, ambaye walizoea kunywa pamoja, kumuuliza kama amelewa. Akatekwa palepale. Rhoades naye hakuondoka mikono mitupu: alichukua na vipuri vya injini. Kwa hiyo huko ziwani mtu kuhangaikia spea si habari mpya.

Injini ya shemeji ilichemsha, hedi ikapasuka, oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Ikapakiwa hadi Songea kwa fundi anayeaminika, na Mwalimu, kwa kuwa anakaa mjini na "hana kazi", akapewa jukumu la kutafuta hedi.

"Ya injini gani?" aliuliza kwenye simu.

"Ya Fuso."

Muuza spea alicheka. Kusema Fuso ni kama kusema mtu ni wa mkoa wa Ruvuma. Kuna 6D14 yenye lita 6.6, kuna 6D15 yenye 6.9, na kuna 6D16 yenye 7.5. Zote silinda sita, na pistoni za zote husafiri milimita 115. Kinachozitofautisha ni upana wa tundu la silinda: 110, 113, 118. Mwalimu akapiga simu tena.

"Ile ndefu," alisema shemeji, kisha mtandao ukakata.

Zote ni ndefu. Namba ya injini nayo ilikuwa imezikwa chini ya matabaka matatu ya rangi ya bluu, kwa sababu shemeji anaamini rangi huzuia kutu na mikosi.

Marekani mambo haya ya kuchagua hedi wameyapa heshima. Wanaojenga injini za boti za Chevrolet 454, ambazo kwa lita 7.4 ni karibu saizi ya Fuso letu, hubishana hadi usiku kuhusu umbo la njia ya hewa kwenye hedi: la yai, linalotoa nguvu mapema mizunguko ikiwa midogo, au la mstatili, linalotaka injini ikimbizwe sana. Songea mabishano ni mafupi. Unachagua kati ya iliyopo dukani na itakayoshuka kwenye basi la Dar keshokutwa.

Mwalimu alichukua iliyopo: mtumba wa Japani, imeoshwa ikang'aa, pamoja na gasketi mpya. Fundi hakuikaribisha kwa maneno. Aliweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi na kujaribu kupenyeza chini yake karatasi ya daftari, ambayo unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Haikupita. Vizuri. Akapaka mafuta ya taa, akasubiri, akafuta hadi pakauka, kisha akanyunyiza unga wa sembe. Njia ni ya kale na ni ya kweli: mafuta yaliyojificha kwenye ufa hupanda na kuulowesha unga. Wenye chokaa hutumia chokaa.

Sembe ilivuta kuku wawili wa jirani. Walidonoa silinda ya kwanza hadi ya nne kabla ya kufukuzwa. Kwenye ya tano, waliyoiacha, kulikuwa na mstari mwembamba uliolowa, kutoka valvu moja hadi nyingine.

Ufa. Na duka lilikuwa na bango: mali ikiuzwa hairudi.

Kilichomuuma Mwalimu zaidi kilikuwa gasketi. Fundi aliilaza juu ya bloku, na ukingo wake ukachungulia ndani ya kila silinda, kama pazia fupi lililotundikwa kwenye dirisha pana. Ilikuwa ya 113. Injini ni ya 118. Mwalimu, aliyefundisha vipimo vya ramani miaka thelathini, alishindwa na milimita tano.

Hedi ya pili ilishuka kwenye basi siku ya nne, ikafaulu karatasi, ikafaulu sembe (kuku wakiwa wamefungiwa), ikafungwa. Injini ikapakiwa kwenye lori kurudi Mbamba Bay, Mwalimu akiisindikiza. Baada ya Mbinga, kwenye kona za milima ya Umatengo, lori likaanza kufuka mvuke. Dereva akainua kichwa cha gari, akatazama chini, akatazama mzigo ulio nyuma, akakuna kidevu.

"Mwalimu, hiyo hedi huko nyuma ni ya Fuso gani?"

"Ile ndefu," alisema Mwalimu, akaenda kukaa juu yake.