Sheria ni Sheria

Anayedai polisi wetu hawafuati sheria hajapanda basi la Garissa kwenda Nairobi. Ukivuka tu daraja la Tana, abiria wote chini, kitambulisho mkononi, foleni juani. Ajuza mwenye mkongojo hukaguliwa kwa makini zaidi, maana magaidi wanajulikana kwa kupenda mikongojo. Picha ikiwa imefifia, sheria ni sheria: nyanya akae kando.

Lori la sukari ya magendo hupita, na ni haki yake. Sukari haina alama za vidole, wala haiulizwi babu yake alizaliwa wapi. Isitoshe, dereva huja na karatasi iliyokunjwa mara nne kiganjani, nayo afisa huisoma kwa kuigusa tu.

Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wakenya Wasomali, ikawapa kadi ya kuthibitisha kwamba kitambulisho chao ni kitambulisho. Februari 2025 Rais Ruto akafuta msasa wa ziada mipakani. Lakini tangazo halikutaja foleni ya juani, na afisa mwadilifu hafuti lisiloandikwa.

Msafiri, acha kunung'unika. Ukitaka kufika mapema, safiri ukiwa gunia.