Alama 64 na Pasi Moja

Katika ukoo wetu, mtaalamu wa intaneti ni yeyote aliyewahi kuonekana ameshika waya. Ndivyo nilivyokabidhiwa ruta ya shangazi, kule Tabata, bila usaili wala posho. Mtengenezaji alishaacha kuitolea masasisho, nikapendekeza OpenWrt, programu huria ya ruta iliyoanza mwaka 2004.

“Ya nini? Si inawaka?” akauliza. Nikamweleza kuhusu VPNFilter, kirusi kilichotangazwa mwaka 2018 baada ya kuingia kwenye ruta na vifaa vya mtandao visivyopungua 500,000. Shangazi akainuka, akafunga dirisha.

Nikapakua faili. Kando yake huchapishwa SHA-256, mlolongo wa alama 64. Kompyuta yako inalipigia hesabu faili ulilopakua. Majibu yakilingana, ndilo. Ikibadilika biti moja tu, mlolongo mzima unageuka. Kwenye Windows, amri ya certutil inamaliza kazi kabla hujakohoa.

Shangazi akashika simu asome yeye, kwa sauti ya matangazo ya msiba. “Tisa, c, tano... hii ni sifuri au o?”

“Sifuri, shangazi. Herufi zinaishia f.”

“Na zilizobaki wamempa nani?”

Alipomaliza akauliza swali ambalo SHA-256 hailijibu: “Na hili ni la ruta hii hii?” Hesabu ile inathibitisha kuwa faili halijachakachuliwa; haijui unalipeleka kwenye kifaa gani. Tukaigeuza ruta, tukasoma lebo mpaka toleo, maana v1 na v2 zinaweza kuwa na jina moja na chipu tofauti.

Kila kitu kikakubali. Nikabonyeza. Skrini ikaonya: usizime umeme.

Hapo akaingia binamu na shati na pasi. Harusi ilikuwa saa nane, yaani saa kumi, na tayari alikuwa amechelewa. Akachomoa plagi ya kwanza iliyomkabili. “Hii ilikuwa na kazi?”

Bahati nzuri, ruta nyingi zina sehemu ndogo ya kuwashia isiyoguswa wakati wa kusakinisha. Ya shangazi ilikuwa nayo: unaichomekea waya wa mtandao, unaiwasha huku umebonyeza kitufe cha riseti, kompyuta inaipelekea faili upya kwa njia ya TFTP. Taa ikatulia, lakini simu ya shangazi haikuona Wi-Fi. OpenWrt mpya kwa kawaida huja na Wi-Fi iliyozimwa, mpaka uingie 192.168.1.1 kwa waya, uweke nenosiri na kuiwasha. Kabla sijafika huko, shangazi alishaniita kwa majina yangu yote matatu.

Basi, msomaji, linganisha alama zote 64, soma lebo chini ya ruta, tumia waya. Kisha kusanya pasi zote za nyumba hiyo, uzikalie mpaka taa itulie.