Shajara ya Fundi Cherehani Mwenye Runinga

Jumatatu

Runinga niliiweka dukani, hapa Ngamiani, Tanga, ili wateja wasichoke kusubiri nguo. Imefaulu. Hawachoki, na wala hawaondoki. Hadi saa nne asubuhi benchi lilikuwa limejaa, na wawili kati ya waliokaa hawakuwa na nguo yoyote kwangu.

Picha ilikuwa Commando ya mwaka 1985, nakala iliyotafsiriwa na mmoja wa wale watafsiri wanaojibu hata maswali ambayo hayajaulizwa. Steringi, Arnold Schwarzenegger, akamfukuza adui aliyekuwa kwenye Porsche ya njano mpaka gari likapata ajali na kuharibika ubavu. Adui akatupwa bondeni. Steringi akaingia kwenye gari lile lile, akaondoka nalo. Ubavu mzima.

Fundi wa kunyoosha bodi kutoka gereji ya nyuma, aliyekuwa ameleta ovaroli kubadilishiwa zipu, akasimama. "Rudisha." Nikarudisha. Gari likaharibika upya, likapona upya. Akaanza kuhesabu kwa vidole: kunyoosha, kupiga puti, kupiga msasa, kupaka rangi, kukausha. "Wiki nzima," akasema. "Na hapo mteja awe ametoa kianzio."

Nikamweleza kwamba picha hazipigwi kwa mfuatano tunaouona. Steringi anaweza kuondoka na gari asubuhi, ajali ikapigwa jioni. Ndiyo maana huwa yuko mtu ambaye kazi yake ni kuandika kila kitu kilivyokuwa, ili vipande vikija kuunganishwa viafikiane. Mama wa Sare, anayedai sare za watoto wake tangu shule hazijafunguliwa, akauliza mtu huyo analipwa kiasi gani. Alitaka kumleta akae dukani kwangu.

Zipu ya ovaroli ilishonwa katikati ya mjadala. Inafungukia mgongoni. Kijana ninayemfundisha kazi anasema huo ni mtindo.

Jumanne

Nesi alikuja kupima gauni akitoka zamu ya usiku. Akakuta Amar Akbar Anthony ya mwaka 1977 ndiyo kwanza inachanganya. Wanaoijua hawahitaji kusimuliwa: ndugu watatu waliopotezana utotoni, mmoja amelelewa na Wahindu, mmoja na Waislamu, mmoja na Wakristo, wanalala kwenye vitanda vitatu kumtolea damu mwanamke aliyegongwa na gari. Hawajui kwamba ni mama yao. Damu inatoka kwenye mikono mitatu kwa wakati mmoja, inapanda juu kwenye chupa moja, halafu inashuka kwa mama. Majina ya waigizaji yanaanza kupita hapo.

"Damu haipandi," akasema Nesi.

Mtu akamwambia anyamaze, ni picha. Akasema yeye hajakataa kuwa ni picha. Akaeleza kwamba mfuko wa mtoaji huwekwa chini yake ili damu ishuke yenyewe, na wa mgonjwa hutundikwa juu yake kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba Bombay na Tanga ziko katika dunia moja. Futi kamba ilikuwa bado imemzunguka kiunoni. Nikaandika kipimo kilichokuwepo wakati huo, alipokuwa amevuta pumzi ili aendelee kueleza.

Baadaye mama yule, aliyekuwa amepofuka, akaona tena. Miali ya moto ilitoka kwenye macho ya sanamu madhabahuni ikaingia kwenye macho yake. Benchi zima likalia. Nesi alilia kuliko wote, na kitambaa kilichokuwa karibu kilikuwa satini ya Mama Harusi.

Nikamuuliza mbona moto kuponya macho haukumsumbua.

"Hayo ni ya Mungu," akasema. "Damu ni ya kwetu."

Jumatano

Bomba la uani halikutoa maji tangu alfajiri. Mke wangu akamwita fundi bomba. Kwenda uani kunapitia dukani, na dukani kulikuwa na Sholay ya mwaka 1975. Fundi bomba akaweka mfuko wa spana chini kwa dakika moja tu.

Kwa bahati mbaya aliingia pale Dharmendra, amelewa, amepanda juu ya tangi la maji la kijiji akitishia kujirusha asipopewa Hema Malini. Wengine walicheka. Fundi bomba alikuwa akitazama tangi.

"Kijiji hiki kina umeme?"

Hakina. Usiku Jaya Bhaduri huonekana barazani na taa za mafuta, na Amitabh Bachchan amekaa nje akipuliza kinanda cha mdomo.

"Basi maji yamepandaje kule juu?"

Kijana akasema labda kuna mashine ya dizeli. Fundi bomba akajibu kwamba mashine ya dizeli ina kelele, na kijiji ambacho kinanda cha mdomo kinasikika kutoka nyumba ya pili hakina mashine. Mtu akasema labda wanapandisha kwa ndoo. Akauliza ni ndoo ngapi, na nani anazibeba, na kwa nini mtu ajenge tangi refu namna ile halafu alijaze kwa ndoo. Akachora kwenye karatasi yangu ya kukatia mitindo: kisima, bomba la kupandishia, tangi. Mchoro umepita juu ya mkono wa koti la mteja wa Pongwe.

Mwisho wa picha polisi wakatokea ghafla na kumwokoa jambazi Gabbar Singh asiuawe na Thakur. Mgambo wa mtaa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akataka kujua nani aliwaita, maana kijiji kisicho na umeme hakina simu. Swali hili lilikuwa na jibu, na Mwalimu wa Historia alilijua. Mwanzoni Thakur, aliyekatwa mikono, alimuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Bodi ya ukaguzi wa filamu ikakataa. Ulikuwa mwaka wa hali ya hatari nchini India, na haikupendeza mtu aliyewahi kuwa ofisa wa polisi ajichukulie sheria mkononi. Mwongozaji, Ramesh Sippy, akalazimika kupiga mwisho mwingine, wenye polisi.

"Kwa hiyo walichelewa kwa sababu hawakuwemo," akasema Mgambo. Aliridhika kabisa.

Fundi bomba aliondoka magharibi. Bomba la uani halijaguswa. Mke wangu ameuliza maji tutapandishaje.

Alhamisi

Tamthilia ya Kituruki, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mama mkwe alikuwa amefungua mdomo kumtaja baba halisi wa mtoto. Kioo kikawa cheusi.

Tulikaa. Mwalimu akavunja ukimya kwa kusifu. Akasema huu ni ujasiri, na kwamba Marekani walishafanya hivyo: tarehe 10 Juni 2007 tamthilia ya The Sopranos ilifikia sehemu yake ya mwisho, Tony ameketi mgahawani na familia yake, mlango unafunguliwa, anainua macho, na kioo kinakuwa cheusi kimya kimya. Watazamaji wengi wa huko walidhani matangazo yamekatika. Mpaka leo wanabishana kama Tony alikufa au alikula chakula chake akaenda nyumbani. Msanii mkubwa, akasema Mwalimu, humwachia mtazamaji kazi.

Alizungumza vizuri, na baadhi yetu tulianza kumheshimu mama mkwe yule. Kisha Kijana akagusa pasi. Ilikuwa imepoa. Uniti zimeisha.

Wamarekani walidhani umeme, ikawa sanaa. Sisi tulidhani sanaa, ikawa umeme. Uniti ziliponunuliwa, mama mkwe alikuwa ameshasema, na sasa kila mtu anamjua baba yake mtoto isipokuwa watu wa benchi langu.

Ijumaa

Baada ya sala alikuja Mzee wa Kanzu kufuata kanzu. Nilikuwa nimebakiza tarizi ya kifuani. Nikampa kiti cha mbele. Alifanya kazi ya kupanga barua maisha yake yote hadi kustaafu, jambo ambalo ningelikumbuka ningechagua picha nyingine.

Kuch Kuch Hota Hai, 1998. Rani Mukerji anafariki baada ya kujifungua. Ameacha barua nane, moja kwa kila siku ya kuzaliwa ya binti yake, na ya nane inamtuma mtoto akamtafutie baba yake, Shah Rukh Khan, mwanamke aliyempenda tangu chuoni. Mabinti wa mtaa walikuwa wanalia tayari.

"Aliziandika saa ngapi?" akauliza Mzee.

Hakuna aliyejibu.

"Mzazi ana hali mbaya, yuko kitandani. Barua ya nane peke yake ni kisa kizima cha chuo, kina nyimbo ndani yake. Mimi nimeshika barua za watu wazima wenye afya. Hawamalizi kurasa mbili."

Binti mmoja akasema kwa heshima, "Babu, mapenzi yana nguvu." Mzee akakubali kwamba yana nguvu, akauliza nani alimshikia kalamu. Aliondoka saa kumi na moja bila kanzu, akitembea polepole, na nikamsikia akimuuliza mwuza kahawa swali lile lile.

Jumamosi

Leo Titanic. Swali la wote lilikuwa lile ambalo dunia imeliuliza tangu mwaka 1997: kwa nini Jack hakupanda kwenye ule ubao na Rose, na nafasi inaonekana?

Mvuvi wa Sahare aliyeleta suruali ndiye pekee aliyekuwa upande wa picha. Akasema Jack alijaribu na ubao ukapinduka, kama ilivyotakiwa. "Nafasi si kitu. Kitu ni uzito." Hiyo ndiyo mara ya kwanza wiki hii mwenye kazi yake kuridhika na kazi yake kwenye runinga, na benchi lilimkasirikia.

Hapo nikaingia, maana jambo hili lina nguo ndani yake. Mwaka 2012 wale Wamarekani wa MythBusters waliujaribu ubao huo wakaona kwamba wawili hao wangevua jaketi la kujiokolea la Rose, wakalifunga chini ya ubao, na wote wangeelea. Mwongozaji, James Cameron, alijibu kwamba muswada unasema Jack afe. Hata hivyo, katika kipindi kilichorushwa mwaka 2023, aliwaweka watu kwenye maji baridi na kupima mwenyewe. Katika jaribio lililoenda vizuri kuliko mengine, Rose alimpa Jack jaketi lake. Akakiri kwamba huenda Jack angepona, ingawa mambo yangeweza kwenda vingine.

Nikawaambia: mara zote mbili jibu lilikuwa kwenye nguo. Fundi cherehani mmoja katika meli ile angetosha. Mama wa Sare akasema ndiyo, ila Jack angeambiwa arudi kesho.

Jumapili

Duka limefungwa. Wamekuja hata hivyo.

Mwalimu alitusimulia The Big Sleep, ya mwaka 1946, ya Humphrey Bogart. Ndani yake dereva wa familia tajiri anakutwa amekufa, gari limetumbukia baharini. Wakati wa kupiga picha, waliokuwa kazini wakagundua kuwa hawajui nani aliyemuua, au kama alijiua. Mwongozaji Howard Hawks akampelekea simu ya maandishi Raymond Chandler, aliyetunga riwaya yenyewe. Chandler akajibu kwamba hata yeye hajui. Picha ikatoka hivyo hivyo, na mpaka leo inahesabiwa miongoni mwa picha bora za upelelezi.

Benchi lilinyamaza. Kisha Dereva wa Daladala, ambaye huja Jumapili tu, akasema kwa uchungu: "Kwa sababu ni dereva. Angekuwa tajiri, muuaji angejulikana kabla ya mapumziko."

Mwalimu hakuwa na tarehe ya kumjibu.

Jumatatu

Mama Harusi amekuja kuchukua gauni la satini. Alitakiwa kulichukua kabla ya Shaabani. Kijana alinishauri tutumie njia ya Dallas: mwaka 1985 Bobby alikufa, watazamaji wakamlilia, na mwaka 1986 akatokea bafuni anaoga, ikaelezwa kwamba msimu mzima ulikuwa ndoto ya mtalaka wake. Nikakataa. Mama Harusi ana risiti.

Akalivaa. Lilimkaa. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akageuka, akatazama tena, na hakusema neno kuhusu Shaabani wala kuhusu doa dogo la machozi ya Nesi karibu na pindo. Nguo ikikaa vizuri mwilini, hakuna anayeigeuza kukagua mshono wa ndani. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa Amar Akbar Anthony, na ndivyo ilivyo kwa Chandler na dereva wake.

Kwa hiyo nina neno kwa wanaotengeneza picha, wa Bombay, wa Hollywood na wa hapa nyumbani. Tundu la hadithi halionekani mpaka mwenye kazi yake aketi mbele ya runinga. Kabla hamjaitoa picha, mwiteni nesi aitazame, mwiteni fundi bomba, dereva na mzee wa barua. Mkikosa nauli ya kuwaita, basi hakikisheni watu wanalia.