Dakika Mbili za Ghorofa ya 124

Waliochora Burj Khalifa waliufikiria upepo kwa miaka. Mama mkubwa hawakumfikiria hata kidogo, na jambo hilo lilidhihirika kabla hatujafika kwenye lifti.

Tulikuwa Dubai kwa shughuli zake. Yeye hununua mabuibui na mapazia Deira, kisha huyasafirisha kwa kargo hadi Mombasa, na siku zote hakuona sababu ya kulisogelea jengo ambalo, kwa kauli yake, huonekana vizuri tu ukiwa mbali, tena bure. Safari hii ilikuwa Ramadhani. Ndugu walichanga hela za tiketi ili kumfurahisha, naye akakubali kwa sharti moja: tupande jioni, tufuturu hukohuko juu, maana hawezi kulipia kutazama peke yake. Akafunga tende kwenye leso, akazisokomeza mkobani.

Kwanza picha. Jengo la mita 828 haliingii kwenye simu kwa hiari. Nilirudi nyuma, nikachuchumaa, mwisho nikalala chali kwenye vigae, nimefunga, midomo imenikauka. Bibi mmoja mpita njia alidhani saumu imenishinda, akainama akaanza kunipepea kwa mtandio wake huku akinisomea dua. Sikuwa na lugha ya kumweleza kwamba natafuta ncha ya mnara, basi nikaitikia amina. Picha niliyoipata ina mnara mzima, na nusu ya kidevu cha mama mkubwa.

Ndani, foleni inakokwenda polepole, unapata nafasi ya kujifunza, na mimi nilikuwa nimesoma kidogo kabla ya safari, basi nikajipa ualimu. Nikamweleza kwamba mchoraji ni Adrian Smith, wakati huo akiwa na kampuni ya SOM ya Chicago, na mhandisi aliyelisimamisha ni Bill Baker. Ukilitazama jengo kutoka angani, lina mabawa matatu yaliyoshikana na kiini cha pembe sita katikati. Upepo ukilisukuma bawa moja, mengine mawili yanalitegemeza, na kiini kinazuia mnara wote usijisokote. Nilitumia mikono, vidole, na kijitabu cha maelezo.

"Mafiga," akasema.

Nikakunja kijitabu.

Kwenye upepo ndipo tulipokosana. Nilimwambia kwamba upepo ukipita ubavuni mwa jengo refu huachia vimbunga vidogovidogo, mara upande huu, mara upande ule. Vikipata mwendo mmoja unaolingana na mwendo wa jengo lenyewe, jengo huanza kupembea, kisha kuzidi kupembea. Ndiyo maana mabawa ya Burj Khalifa hupunguzwa kwa zamu kadiri unavyopanda, leo hili, kesho lile, kwa mzunguko. Kila kimo kina umbo lake, upepo hauwahi kuuzoea mnara, na vile vimbunga havipati nafasi ya kupatana. Wahandisi walipeleka mifano midogo kwenye handaki la kupimia upepo zaidi ya mara 40 kabla ya kuridhika. Baker mwenyewe huliita jambo hilo kuuchanganya upepo.

Mama mkubwa alisimama katikati ya foleni. Babu yake alikuwa nahodha wa jahazi. Alishuka kutoka Ghuba hiihii na kaskazi hadi Mombasa, akangoja miezi, akarudi na kusi. "Upepo hauchanganywi," alisema. "Upepo hungojwa." Watu wa nyuma yetu, ambao nao walikuwa wakingoja, wakaguna.

Habari ya zege ilimpoza. Miezi ya joto zege lilimwagwa usiku, na maji yake yakachanganywa na barafu ili lisikauke haraka likapasuka. Alitikisa kichwa kwa uchungu mkubwa. Fundi anayemjengea vyumba vya kupangisha kule Kisauni humwaga zege saa saba mchana, kisha huomba hela ya soda baridi kwa ajili yake mwenyewe.

Lakini habari ya vyumba ikazua nyingine. Nilimwambia kwamba mita 244 za juu kabisa hazina mtu, ni za kurefusha tu.

"Hazipangishwi?"

"Hazipangishwi."

Hilo lilimkera kuliko bei ya tiketi. Nikajaribu kumtuliza kwa historia: mnara uliitwa Burj Dubai tangu msingi, ila siku ya kuufungua, tarehe 4 Januari 2010, ukatangazwa kwa jina la Khalifa, mtawala wa Abu Dhabi wa wakati huo, jirani aliyekuwa ametoka kuikopesha Dubai mabilioni ya dola ilipobanwa na madeni. Akafikiri kidogo, akasema kwa jinsi hiyo duka lake lingebadilishwa jina kila mwezi.

Lifti inapanda mita 10 kwa sekunde. Haitikisiki, ni masikio tu yanayokuambia kwamba umeondoka duniani. Ya mama mkubwa yaliziba kabisa, na mtu aliyeziba masikio hudhani wengine wote wameziba. Kwa sauti ya kusikika Sharjah akatoa maoni yake kuhusu bei halisi ya abaya ya mama aliyesimama mbele yetu, na duka alikoibiwa. Milango ilipofunguka ghorofa ya 124, kijana mfanyakazi aliyetupokea alikuwa anauma mdomo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Tanga."

Mama mkubwa akapata masikio yake papo hapo.

Tulikaa kwenye kioo, mita 452 juu, tukilitazama jua likiteremkia baharini. Simu yake ikaadhini. Tende ilishafika mdomoni kijana wa Tanga alipomkimbilia.

"Bado, mama! Huku juu bado!"

Na kweli, tulipotazama nje, jua lilikuwa zima, jekundu, halijagusa maji. Kijana akatueleza kwa adabu kwamba mufti mkuu wa Dubai alishalitolea fatwa suala hili mwaka 2011: anayekaa kuanzia ghorofa ya 80 hadi ya 150 angoje dakika mbili zaidi, na wa juu ya hapo dakika tatu, kwa kuwa wao bado wanaliona jua ambalo wa chini wamelikosa.

"Mimi nilinuia chini," akasema mama mkubwa. "Daku nilikula chini. Saumu yangu ni ya chini."

"Lakini mwili uko juu, mama."

Akamtazama kijana, akalitazama jua, akairudisha tende kwenye leso. "Basi mwili utashuka. Chini jua limeshazama."

Nilimsihi kwamba ni dakika mbili tu. Hakusikia, na safari hii si kwa sababu ya masikio. Tatizo ni kwamba watu waliokuja kuliona jua likizama huwa hawana shughuli nyingine baada ya hapo, na wote walikuwa mbele yetu. Tulijipanga. Dakika mbili zikapita. Nyuma yetu, kwenye kioo, watu wakapeana tende na maji, wakasema alhamdulillahi. Mama yule wa abaya alitukaribisha kwa ishara, na mama mkubwa akakataa kwa ishara kubwa zaidi, kwani neno lilikuwa limeshatoka. Dakika kumi. Robo saa. Nje taa za mji zimewaka.

Kijana wa Tanga alipopita tena, akamshika mkono.

"Mwanangu, lifti mita kumi kwa sekunde. Na foleni je?"