S ya Safi Sana

Binti yangu alipoleta ripoti ya muhula wa kwanza wa kidato cha tano, niliifungua mimi mwenyewe. Jiografia, C. Hisabati, D. Uchumi, S. Kwenye C niliguna, kwenye D nikakunja uso, nilipofika kwenye S nikatabasamu. Nilidhani ni S ya safi. Palepale nikampigia dada yangu aliyeko Morogoro kumwambia mtoto ana kichwa cha Uchumi, na sijui kakitoa wapi, maana kwa kina baba yake sijapata kuona mtu aliyerudisha deni.

Binti alisubiri nikate simu.

"Mama, hiyo S ni thelathini na saba."

"Kati ya arobaini?"

"Kati ya mia."

Ndipo nikaelimishwa. A inaanzia 80, halafu unateremka ngazi kwa ngazi mpaka E inayokomea 40. S ni kuanzia 35 hadi 39, na chini yake imebaki F peke yake. S ni yule abiria anayening'inia mlangoni mwa daladala. Yumo, lakini ukimuuliza konda kama abiria huyo amepanda, atafikiri kwanza.

Sikumlaumu sana mtoto. Mpaka kidato cha nne alikuwa na baiolojia yake na mapanzi yake, hajawahi kukutana na Uchumi hata kwa bahati mbaya. Julai akapangiwa EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, na siku ya kwanza akakuta dimandi na saplai zinamsubiri ubaoni, kwa Kiingereza. Shuleni kwao mwalimu wa somo hilo alikuwa mmoja na mikondo mingi. Uamuzi ukawa mmoja tu: tuisheni. Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, nami nilishangilia kwa vigelegele katikati ya soko. Tuisheni haikufutwa na mtu.

Hapa inabidi niseme kazi yangu, ili ujue kwamba aliyeibiwa katika habari hii hakuwa mshamba. Nauza magauni ya mtumba Ilala, mwaka wa kumi na nne huu. Wateja wananiita Mama Magauni. Belo la kilo 45 linakuja limefungwa mikanda, limebanwa mpaka limekuwa gumu kama tofali, na muuzaji hakuruhusu hata kuchungulia. Anakwambia ni gredi ya kwanza. Unalipa, unaita mbeba mzigo, unafika kwenye kibanda, unakata mkanda kwa kisu huku unasoma dua. Siku nyingine zinamwagika gauni za hariri ambazo hazijavaliwa mara mbili. Siku nyingine unavuta gauni linakuja, halina mgongo. Kwa hiyo mimi kitu nakigeuza ndani nje, navuta mshono, nanusa kwapa, naanika kwenye mwanga nione kama kuna tundu. Hata nyanya nakagua hivyo. Kwa walimu watatu wa kwanza sikuvuta hata uzi.

Wa kwanza nilimtoa kwenye nguzo ya umeme. Tangazo lake lilikuwa limebandikwa kati ya mganga wa kurudisha wapenzi na fundi wa kuzibua vyoo, nami niliona hao wawili ni ushahidi kwamba nguzo ile inatatua matatizo. Alikuja na koti la suti, mwezi wa Januari, Dar es Salaam. Jasho lilimtoka tangu getini. Ada elfu kumi kwa kipindi. Siku ya kwanza alimzungumzia Adam Smith na kitabu chake cha mwaka 1776 kwa ukaribu ambao ungedhani walikula pilau pamoja Idi iliyopita. Siku ya pili alifundisha uwekezaji. Siku ya tatu nilirudi mapema, nikamkuta amechora ubaoni duara moja juu, chini yake maduara mawili, chini yake manne.

"Hii ndiyo saplai?" nikauliza.

"Hapana, Mama. Huyu wa juu ni wewe."

Nikatazama vizuri. Maduara mawili yalikuwa watu nitakaowaleta, na kila mmoja alitakiwa anunue kopo la unga wa majani wa kutibu presha na kukuza nywele. Upatu nimeucheza tangu kanga yangu ya kwanza, naujua hata uvae koti la suti. Alimaliza soda yake tukaagana.

Wa pili alikuwa kijana wa chuo kikuu, Mlimani, mpole, ametumwa na shemeji yangu. Huyu simsemi vibaya kwenye somo. Kichwa kilikuwepo. Tatizo lilikuwa saa. Tukipanga saa nne anafika saa saba kasoro, wakati sufuria linashuka. Siku ya kunikomesha ilikuwa Jumapili ya chapati. Mada ilikuwa kwamba kadiri unavyozidi kutumia kitu, ndivyo utamu wa kile cha nyongeza unavyopungua. Akasema hili linaeleweka vizuri kwa mfano hai, akavuta hotpoti.

"Andika," akamwambia binti. "Chapati ya kwanza, utamu kumi." Akala. "Ya pili, tisa." Akala. Binti akapiga mistari ya jedwali. Ya tatu, nane na nusu. Mdogo wake wa darasa la pili alikuja akasimama pembeni ya meza, mikono nyuma, akihesabu kwa midomo. Ya nne mwalimu alifumba macho kidogo, akasema hii irudishe tisa kwa sababu ilikuwa na samli zaidi. Ya sita mtoto alianza kulia. Kitabu kinasema utashuka mpaka ufike sifuri, na ukiendelea unakwenda hasi, yaani chakula kinakuwa adha. Kwa mwalimu yule hatukufika. Chapati ziliisha kabla ya kanuni, na jedwali la binti lilikomea kwenye nane, likiwa na doa la mchuzi pale ambapo sifuri ingekaa. Vipindi vinne, elfu tano tano. Unga sijauhesabu.

Baada ya hapo nikafanya kosa ambalo ninawafanyisha wateja wangu kila siku. Nikasema cha bei rahisi nimekiona, sasa natafuta cha bei kubwa. Mimi, ambaye gauni likiwa na tundu kwapani naliandika elfu kumi na tano badala ya kumi, ili mtu asithubutu kuliwazia mabaya. Wa tatu alikuja na gari. Elfu ishirini na tano kwa kipindi, vinne vinalipwa kwa mpigo, kabla. Alipoitaja bei nilihisi fahari, nikamwambia jirani ambaye hakuwa ameuliza.

Alifundisha kwa imla. Alikuwa na karatasi zake ndani ya faili jeusi, anasoma, binti anaandika. Hakuna swali, hakuna ubao. Kipindi cha pili nilikuwa napasi magauni chumba cha pili, nikamsikia anasoma kwa sauti ileile ya taarifa ya habari: "...ukurasa wa kumi na nne." Kimya kidogo. Peni ya binti ikakwaruza: aliandika ukurasa wa kumi na nne. Jioni alinionyesha desa aliloazima kwa mwenzake. Neno kwa neno. Linauzwa steshenari ya karibu na shule, shilingi elfu tatu, na ukilipeleka urudufu wakakufungia na plastiki ni elfu tatu na jero. Nilikuwa nimelipia laki moja ili mtu anisomee.

Wiki ile nilifungua belo bovu pia. Mabaya yana tabia ya kutembea pamoja.

Mwalimu mwenyewe alinijia sokoni, bila tangazo wala gari. Ilikuwa saa kumi jioni, wingu limekaa upande wa bahari. Mama mmoja wa makamo, kilemba cha kawaida, mkoba wenye madaftari, akashika gauni la kijani. Hakulitazama mbele. Aligeuza ndani nje, akavuta mshono wa bega kwa vidole viwili, akaliinua kwenye mwanga. Nikakaa sawa kwenye kigoda.

"Shilingi ngapi hili, dada?"

"Kumi na mbili, kwa ajili yako."

"Hili belo umelifungua juzi."

"Leo asubuhi!"

"Ungelifungua leo usingekuwa umekaa, ungekuwa unapiga kelele. Wa chaguo la kwanza wameshapita. Halafu mvua inakuja na sioni turubai. Nakupa nne."

Nimeuza kwa wanajeshi na kwa mawakili. Sijawahi kufunguliwa hesabu zangu hivyo mbele ya majirani. Tulifika elfu tano, nikalifunga kwenye gazeti huku natetemeka kwa hasira ya heshima.

"Samahani, dada. Wewe unafanya biashara gani?"

"Mimi mwalimu tu."

"Wa nini?"

"Uchumi. Kidato cha tano na sita."

Tone la kwanza la mvua lilinikuta nimemshika mkono.

Hakukubali kuja nyumbani. Yeye alikuwa na wanafunzi watano chini ya mwarobaini uani kwake Buguruni, kila Jumamosi, elfu mbili kwa kichwa, na anayechelewa anasimama. Jumamosi ya kwanza nilimsindikiza binti ili nivute mshono. Tulipofika, Mwalimu alikuwa hajagusa kitabu. Alikuwa ameshika sketi kuukuu, anavuta lastiki ya kiunoni.

Nilisahau kusema kwamba binti alikuwa akilia kuhusu elastisiti miezi mitatu, nami nilikuwa nikimjibu kwamba lastiki ikifa inabadilishwa, haililiwi. Kumbe hatukuwa mbali.

"Bei ni mkono wangu," alisema mwalimu. "Wateja ni lastiki. Nikivuta bei ya soda, wateja wanakimbilia juisi ya miwa, lastiki imevutika sana. Sasa vuteni bei ya chumvi." Akachukua kamba ya katani, akavuta. Haikwenda popote. "Chumvi ikipanda, mtaacha kutia chumvi kwenye maharage? Haya. Sasa tuandike kwa Kiingereza cha mtihani." Na waliandika, kwa mchoro, kwa namba, kwa maneno ya msahihishaji. Kipande hicho wale watatu wote walikuwa wamekiruka: kutoka kwenye chumvi mpaka kwenye karatasi.

Nilipomsimulia mikasa yangu alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Kisha akaniambia kuna Mmarekani, George Akerlof, mwaka 1970 aliandika makala kuhusu magari yaliyotumika: muuzaji analijua gari lake, mnunuzi halijui, basi mnunuzi anaogopa kulipa bei nzuri, wenye magari mazuri wanaondoka sokoni, yanabaki mabovu. Mwaka 2001 akapewa Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili.

"Kwa kusema mbuzi kwenye gunia?"

"Alisema na hesabu zake."

Nilirudi nyumbani nimekasirika kidogo. Soko zima la mitumba tunaifanyia kazi Nobel hiyo kila alfajiri, na hatujaona hata cheti cha ushiriki.

Kazi ya nyumbani ya kwanza ilikuwa binti akae kibandani kwangu siku nzima na daftari. Aliandika kila gauni lilitoka saa ngapi na kwa bei gani. Aliandika ushuru, mbeba mzigo, chai yangu, chai ya jirani ninayomlipia. Jioni akanionyesha kwamba faida ninayojisifia imeliwa nusu yake na vitu ambavyo huwa siviiti gharama. Chini kabisa aliweka swali alilotunga mwenyewe, kwa mpangilio wa pepa ya taifa, lenye sehemu (a) na (b): mfanyabiashara amelipa walimu watatu shilingi 150,000, taja kitu bora alichokosa kununua kwa fedha hizo. Jibu, karibu nusu ya belo, lilikuwa na alama mbili. Nilimwambia hiyo si adabu. Akasema hiyo inaitwa gharama ya fursa.

Muhula wa pili alipata C. Nilimpigia dada yangu wa Morogoro, lakini safari hii nilianza kwa kueleza C ni nini.

Ijumaa moja, mwezi wa nane, nilikwenda msibani nikamwachia binti kibanda. Niliporudi nilimkuta Mwalimu amesimama, kashika gauni la zambarau, kipaji kimeloa. Kumbe walikuwa wameshavutana nusu saa.

"Elfu tano," alisema Mwalimu.

"Kumi na nne, Mwalimu," alisema binti kwa upole, mikono nyuma, kama yuko darasani.

"Nane."

"Kumi na nne, Mwalimu. Shikamoo Mama."

Nilitaka kuingilia kati, mtu hamuuzii mwalimu wake namna hiyo. Binti alinikanyaga mguu. Mwalimu alitazama mstari wote wa vibanda, akatoa noti moja ya elfu kumi na nyingine mbili za elfu mbili, akalipa. Alipokuwa anafungiwa, binti aliniegemea sikioni.

"Kesho amefuta kipindi. Ana kicheni pati, sare ni zambarau, na nimezunguka soko lote asubuhi: zambarau liko hili moja. Leo gauni ni chumvi."

Mwalimu ana masikio. Alipokea kifurushi, akamtazama mwanafunzi wake kwa muda mrefu, na sikuweza kujua kama ni hasira au ni zile alama za ziada wanazotoaga kwa mchoro mzuri. Akatabasamu.

"Vizuri sana," alisema. "Kuanzia Jumamosi ijayo kipindi ni elfu tatu."

Binti alinitazama. Mimi nilitazama nguzo ya umeme iliyo mbele ya kibanda, matangazo yake yote yakipepea: mganga, fundi vyoo, Ikonomiksi A ya uhakika.

Jumamosi iliyofuata nilimpa elfu tatu, kamili, bila neno.