Jinsi ya Kumnunulia Mama wa Gesima Kiti Kinachomsimamisha

Kwanza kabisa, usimwulize mama. Ukimwuliza atasema hataki kitu, viti anavyo, na hizo pesa mngemlipia mtoto wa dada yenu karo. Suala la kiti huamuliwa usiku kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, na watu ambao hawatakikalia. Mwenye kauli ya mwisho ni yule aliye Minnesota, kwa sababu yeye ameviona viti hivyo kwa macho. Wakisii wenzetu ni wengi Brooklyn Park na vitongoji vingine vya Minneapolis, na wengi wao hufanya kazi ya kutunza wazee. Huko, kila zamu, wanamwona bibi wa miaka 90 akibonyeza kitufe, kiti kinanyanyuka polepole na kumsimamisha mbele ya fimbo yake. Mtu akishaona hayo wiki nzima, kisha Jumapili akapiga simu ya video nyumbani na kumwona mama yake akijikokota kutoka kwenye sofa, mara ya kwanza hola, mara ya pili hola, mara ya tatu kwa msaada wa meza na mjukuu, lazima roho imsute. Na roho ya aliye ng'ambo ikimsuta, kontena hung'oa nanga.

Mshukiwa halisi ni sofa, lakini usithubutu kulisema hilo kikundini, maana kila mmoja aliichangia. Ile seti ya watu saba iliyotengenezwa Keroka kwa bonasi ya chai ni ndefu kwenda nyuma na fupi kutoka chini, na sponji yake ilishalala zamani. Ukiikalia, magoti yanapanda juu kuliko nyonga. Kijana hapo anaona raha. Kwa mtu aliyepanda na kushuka vilima vya Gesima, kaunti ya Nyamira, na kikapu cha majani chai mgongoni tangu ujana wake, hapo ni shimoni. Fundi wa Keroka anaweza kuifunga miguu ya mbao ya inchi tatu au nne, akabadilisha sponji akaweka ngumu, akainua na sehemu za kuegemeza mikono, na shida ikapungua nusu. (Keroka imekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, na kaunti zote mbili huigombania, kwa hiyo kabla ya kwenda kumlalamikia fundi, jua kwanza uko kwa gavana yupi.) Usiikubali njia hii. Sofa iliyoongezwa miguu hakuna anayeipiga picha.

Nunua basi kiti chenyewe. Ukoo wake ni wa Marekani: mwaka 1928, katika mji wa Monroe, jimbo la Michigan, binamu wawili, Edward Knabusch na Edwin Shoemaker, walitengeneza kiti cha mbao cha barazani kilicholala nyuma kadiri mtu anavyoegemea. Kampuni yao ndiyo La-Z-Boy ya leo. Baadaye viti vya aina hiyo vikaja kutiwa mota, vikajifunza na kuinuka mbele kumsukuma mwenyewe asimame. Sokoro, babu yetu, naye alikuwa na ekerogo, kigoda chake cha miguu mitatu, cha gogo moja, kilichopambwa kwa shanga. Hakikuwa na mgongo wala waya, na alikibeba mwenyewe kwenda na kurudi. Lakini hakikuwa na rimoti, kwa hiyo tusikihesabu.

Kuhusu vipimo, shika kanuni moja: nunua kikubwa. Mama ni mtu mkubwa kwa heshima, basi na kiti kiwe kikubwa. Wauzaji wenye nongwa watakwambia upime vitu vitatu. Kwanza, kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni, mama akiwa amevaa zile ndara anazovaa kila siku, ndio urefu wa kikalio. Kikizidi, miguu inaning'inia na damu inabanwa chini ya mapaja, kikipungua umerudi kwenye sofa ya Keroka. Pili, kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha utoe kama sentimita tano, ndicho kina. Kikizidi hapo mgongo hauufikii mto, mama anateleza mbele na kukaa kama herufi ya C. Tatu, upana wa nyonga na nafasi kidogo kila upande, ili asiegemee ubavu mmoja mchana kutwa. Na viwiko vilale juu ya mikono ya kiti bila mabega kupanda. Ni kazi ya dakika tano kwa mjukuu wa darasa la sita mwenye tepe. Wewe achana nayo. Agiza kile kilichomtosha bwana wa kilo 130 pale kazini kwako.

Mlango usiupime pia. Viti hivi vingi mgongo wake huchomoka, vikaingia kwa vipande viwili, ila hilo litagunduliwa baada ya mlango kung'olewa pamoja na fremu yake na mashemeji wanne. Usiulize pia kitafikaje kutoka barabara ya lami hadi bomani wakati wa mvua. Gesima ina waendesha boda boda waliowahi kubeba mengi kuliko hayo, na watakwambia bei baada ya kukifunga kamba.

Sasa stima, na hapa nakuomba usogee karibu, maana ndipo pesa huungulia. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wa Kenya ni volti 240. Chini ya kiti kuna kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kinachopunguza umeme kabla ya kuupeleka kwenye mota, na juu yake kuna kibandiko chenye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Kikisema 100–240, mambo ni shwari, tafuta tu plagi ya pini tatu. Kikisema 120 peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, au kisanduku kingine cha volti za hapa chenye kutoa umeme uleule ambao mota inautaka. Kusoma kibandiko hicho ukiwa bado dukani ni bure. Njia yenye msisimko zaidi ni kukisoma Gesima, Jumapili alasiri (Jumamosi hakifunguliwi, wengi wetu ni Waadventista na Sabato ni Sabato), majirani wakiwa wamejaa sebuleni, mchungaji amekwisha kukiombea, mama amevalia gauni la harusi ya mwanawe, na harufu ya plastiki ikianza kutokea chini ya kitenge chake. Mnunuzi wa aina hiyo nitamtambua popote: ni yule anayesema kiti kilikuwa kizima kilipoondoka.

Tuseme kimepona. Je, kitachomekwa wapi? Sebule nyingi za kwetu zina tundu moja la stima, nalo lina televisheni, king'amuzi, redio na simu tatu za watu ambao hata si wa boma hilo. Suluhisho ni waya wa kuongezea upitishwe katikati ya chumba, ili mama, akishainuliwa salama na mota ya kisasa, ajikwae hatua ya pili. Tokeni zisikutie hofu. Kiti hula umeme kidogo tu kinapopanda na kushuka. Birika la chai la umeme ndilo mlafi. Kinachotisha ni stima kupotea mama akiwa amelala chali, miguu juu. Hili si jambo la kufikirika. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru na nchi nzima ikazimika. Tumbili alinusurika. Tarehe 25 Agosti 2023 giza likarudi nchi nzima bila hata kumhitaji tumbili. Ndiyo maana viti vingi huja na nafasi ya betri mbili za volti tisa, zinazotosha kumrudisha mtu wima mara moja akatoka. Betri zenyewe huwa hazimo. Weka betri, na ukumbuke kuzibadilisha, au mwekee mama filimbi.

Na radi. Anayeishi nyanda hizi za juu haelezwi habari za radi. Mvua ya alasiri ikianza kunguruma, watu huchomoa televisheni kwanza kabla hata ya kuanua nguo. Kiti nacho kichomolewe, lakini mama ashuke kwanza.

Rangi: yoyote. Kitafunikwa vitambaa vya kufuma.

Mota ni suala zito zaidi. Chenye mota moja huinua miguu na kulaza mgongo kwa pamoja, na mtu hawezi kupandisha miguu iliyovimba bila kulazwa akitazama mabati. Chenye mota mbili hutenganisha: miguu juu, mgongo wima, kikombe cha chai mkononi, na mlango unaonekana. Kwa mama anayetaka kujua nani anapita njiani, mota mbili ndizo za lazima. Muuzaji atakwambia mota moja inatosha na bei yake ni nafuu. Inatosha kwa mtu anayelala. Mama wa Gesima halali mchana, anasimamia boma.

Hapo tunakuja kwenye mahali pa kukiweka. Mtakiweka sebuleni, bila shaka, chini ya kalenda na picha za mahafali, na nailoni yake msiitoe. Mama naye atashinda pale anaposhinda siku zote: jikoni, nyumba ile nyingine, karibu na moto wa kuni, juu ya kigoda cha chini kabisa, akichambua mboga ya chinsaga na kuwaamuru watu. Kiti kitakaliwa na wageni, na wajukuu watakipandisha na kukishusha mpaka mmoja wao aingize mguu kwenye vyuma vya chini (hili ni la kweli, si mzaha, watoto, paka na vifaranga wasisogee kikiwa kinashuka). Baada ya miezi kadhaa kuku atagundua kwamba kikilazwa nusu kina bonde zuri, na atataga humo. Kuku hakuulizwa kikundini, lakini yeye ndiye aliyekipima kwa mwili wake kabla ya kukikubali.

Ushauri wa mwisho wa kifamilia ni kwamba kiti kikifika, mama asihangaike tena na chochote. Kimwinue, kimlaze, kimwinue tena. Wataalamu wa fiziotherapia hawapendi maneno haya. Wao husema misuli ya mapaja isiyotumika hunyauka, kwa hiyo kiti kimwinue mpaka pale miguu yake inapoweza kuchukua uzito, kisha amalizie mwenyewe; ajizoeze kusimama na kukaa mara kadhaa kwa siku akishika kitu imara; na akitoka kulala chali atulie kidogo kabla ya kusimama, asije akashikwa na kizunguzungu. Pengine hata watagundua kwamba shida ni goti linalotibika, au dawa ya presha inayomlegeza, si kiti. Lakini hayo huyajui mpaka umpeleke hospitali, na kumpeleka kunataka mtu wa kumshika mkono, aache kazi siku nzima na apange foleni naye. Kontena halipangi foleni.

Kuna kina mama ambao kiti hiki kingewafaa kweli: aliyepata kiharusi, mwenye yabisi kavu iliyokaza magoti, yule ambaye mjukuu wa kumwinua ameshaenda shule ya bweni na binti anayemsaidia mgongo unamuuma. Kwao si anasa, na wanaolipwa shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii hawawezi kukinunua peke yao hata wakiweka akiba miaka. Wewe unayeweza, mpigie mama leo, umwulize anakaa wapi mchana, anashindwa kuinuka kwenye kiti gani, na goti lipi linaanza kuuma. Kisha tuma mtu na tepe ya fundi cherehani. Hupatikana soko la Keroka, pande zote mbili za kaunti.