Dirisha la Kuzuia Kimbunga

Ukiwa na shemeji Florida, ujue umepata mhandisi wa bure. Wangu alisikia tumepiga lenta hapa Rungwa, akapiga simu usiku wa manane: nichague moja, vioo vya kuhimili kimbunga au vifuniko vya mbao juu ya vioo vya kawaida. Kwao, tangu kimbunga Andrew kilipoivuruga kusini mwa Florida Agosti 1992, madirisha hufanyiwa mtihani. Kipande cha mbao cha kilo 4 hivi hufyatuliwa kwa bomba, kwa kasi ya kama kilomita 55 kwa saa, kikaligonga dirisha katikati. Kioo kinaruhusiwa kupasuka, ila hakiruhusiwi kutoboka wala kutoka kwenye fremu.

Nikamwambia, shemeji, huku tuko bara. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitua Mafia. Kingetaka kuja kwetu kingepita Morogoro, Dodoma na Manyoni, na kufika Itigi kingekuwa kimechoka kuliko abiria, bado ile barabara ya vumbi ya kuja Rungwa.

Ila hakuwa anapayuka. Upepo unaotangulia mvua za kwanza huku hung'oa mapaa, na watu hulaumu misumari. Mara nyingi dirisha la upande wa upepo ndilo lililoachia: upepo ukishaingia ndani hukosa pa kutokea, unalisukuma bati kwa chini huku mwenzake analivuta kwa juu. Hapo hata msumari wa nchi sita unaaga.

Nikampelekea fundi habari ya kile kioo cha kuhimili kimbunga: vioo viwili vimegandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati.

"Mzee, si ndiyo kioo cha mbele cha basi hicho?"

Kweli ndicho. Mabasi ya njia yetu yana vioo vilivyopigwa mawe na malori vikachanika kila upande, na bado vinakwenda Mbeya na kurudi. Fundi akachangamka, akasema anamjua mtu mwenye basi bovu, kioo kizima, bei ya maelewano. Kimepinda kidogo, lakini ukuta tunaweza kuutoa tumbo ukafuatana nacho. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso. "Mimi silali ndani ya basi."

Tukaweka mbao, tena mninga, nje ya vioo vya kawaida. Fundi aliapa zimekauka. Kiangazi zikasinyaa, vumbi likawa linapita bila hodi, na ndorobo nyuma yake. Mvua zilipoanza zikavimba. Kwa hiyo tuna vifuniko vinavyofunga vizuri sana, ila si siku ya mvua.

Siku ya dhoruba ya kwanza mama mkwe alikuwa mgeni wetu. Kifuniko cha sebuleni kikagoma, komeo halifiki. Mama wa watu akatoka nje na kanga yake kichwani, akakiegemea kwa mgongo. Mimi nami ndiye mwanamume wa nyumba, lakini nitakwendaje kusukumana bega kwa bega na mama mkwe? Nikabaki ndani, nimeinamisha macho kwa heshima, nampa maelekezo kupitia kioo. Hajanisalimia vizuri mpaka leo.

Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kukigusa kile kifuniko, na nyuki wakaona nafasi. Wamejenga kati ya mbao na kioo. Ukikaa sebuleni unayaona masega yote, yamejaa, yananing'inia kama nguo kwenye kamba. Nilipowasha moshi niwatoe, jirani yangu mrina asali akaja mbio akinikataza: wale ni nyuki wake, wamehama kwenye mzinga wake, anawajua. Mimi nasema nyuki ni wa mwenye dirisha. Tumefika kwa mwenyekiti wa kijiji. Amekuja, amechungulia, ameagiza dirisha lisifunguliwe mpaka Juni, na alipoondoka ameniachia dumu tupu la lita 5.